Fundi Alivyopigania Neno la Kushindwa Kwake

Tulieni, enyi mlioketi, nanyi mlioegemea ukuta sogeeni! Zimeni redio, mwacheni mtoto alie kidogo, kwa maana nasimulia vita ambavyo humo hakikumwagika kitu ila jasho, na aliyeibuka na ushindi ni yule yule aliyekuwa amefungwa.

Alikuwako fundi cherehani, Bwana wa Sindano, Mpiga Pindo Asiyepinda, ambaye kila Jumamosi alicheza drafti na kinyozi wa mlango wa pili, na kila Jumamosi alifungwa. Sheria ya baraza lao ilikuwa kali: mshindi huandika kwa chaki, mlangoni pa aliyefungwa, neno la kueleza kipigo, nalo halifutwi hadi mchezo ujao, isipokuwa mshindi mwenyewe akikiri mbele ya watu kwamba halifai. Jumamosi hiyo kinyozi, kichwa kimevimba kwa sifa, aliandika kwa herufi za kuonekana ng'ambo ya barabara: FUNDI AMEPOROMOKA.

Asubuhi yake simu ikalia. Ni mama mkwe, Ngome ya Wanawe, ambaye tangu siku ya harusi hakuiamini kazi ya cherehani.

“Nasikia umeporomoka,” alisema. “Mchana nafika. Nikikuta ni kweli, narudi na mwanangu.”

Fundi alimpenda mkewe kupita kiasi. Basi akajifunga tepu ya kupimia kiunoni, akatweta mara mbili, akavuka kizingiti cha kinyozi, aliyekuwa akimnyoa mteja ndevu.

“Ewe Mnyoa Wafalme na Madereva!” alinguruma. “Neno lako ni dhuluma! Kinachoporomoka sharti kiwe juu kwanza. Mimi uliniona juu lini?”

Kinyozi akafikiri. “Kwa kweli, sijawahi.”

“Umeona?”

“Basi nitaandika umezorota.”

“Kinachozorota kilikuwa kizima, kikachakaa pole pole. Mchezo wangu ulikuwa mzima lini?”

Mteja akadakia kutoka ndani ya povu: “Labda amedidimia?”

“Anayedidimia bado anakwenda chini, ndugu yangu. Mimi chini nilishafika zamani, nimeshatandika na mkeka!”

“Umesalimu amri, basi,” kinyozi akasema, jasho likimtoka.

“Thubutu! Anayesalimu amri huacha kete ubaoni. Mimi nilipigana mpaka ya mwisho ikaliwa!”

Lo, vita gani hivi! Kadiri shujaa wetu alivyojishusha ndivyo alivyosonga mbele, na kila alipokiri unyonge wake adui alirudi nyuma hatua, mpaka akaegemea kioo.

“Niandikie nimeshindwa,” fundi akasema, sasa bila kunguruma. “Kushindwa ni kwa siku moja. Mtu kashindwa leo, kesho ananawa uso anacheza tena. Hayo mengine yanamfuata mtu mpaka nyumbani, kaka, na mama mkwe yuko njiani.”

Kinyozi, ambaye naye alikuwa ameoa, aliuweka wembe chini.

“Si ungeanza na hilo la mama mkwe?” akasema, akatangaza kwa sauti kwamba neno lake halifai, akachukua kitambaa.

Adhuhuri Ngome ya Wanawe akawasili na sanduku kubwa, akilibeba kwa vidole viwili. Akasoma mlangoni: FUNDI AMESHINDWA.

“Umeshindwa nini, baba?”

“Drafti, mama. Kinyozi kanifunga.”

“Hiyo tu?”

“Hiyo tu. Jumamosi tunarudiana.”

Mama akatazama cherehani, akatazama nguo za wateja zilizopangwa kwenye kamba, akamtazama binti yake aliyekuwa nyuma ya meza anabana kicheko kwa viganja viwili. Akalilaza sanduku chini, likalia utupu wake, akalikalia.

“Nipime gauni,” akasema. “Na lisinibane hapa.”

Enyi waandishi wa zama, chovyeni kalamu! Iandikwe katika tarehe za mataifa kwamba adhuhuri ile, mbele ya mashahidi, fundi alishindwa, alishindwa tu, basi, na mkewe akabaki.