Mawe ya Uani kwa Yoramu

Halfani alipoliona zizi la Yoramu alisahau hata kiu. Ng'ombe arobaini, na mwenyewe amekaa uani juu ya kigoda, miguu vumbini, akimweleza kila apitaye kwamba anataka sakafu ya mawe nyuma ya nyumba, kama ile ya Mdachi wa stesheni, ili jioni anywe kahawa bila kumeza mchanga.

Halfani alihitaji ng'ombe wanne. Baba yake Mwajabu, kule Kondoa, alisema wanne kabla ya Ramadhani, la sivyo binti anaolewa na mchuuzi wa ngozi. Na Halfani alimpenda Mwajabu kweli. Katika maisha yake yote hilo ndilo jambo pekee ambalo hakulitia chumvi.

Akakung'uta kanzu, akaingia, akasalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa, mzee Yoramu. Mimi fundi wa mawe. Sakafu ya bwana mkubwa wa Morogoro ni kazi ya mkono huu."

Morogoro aliipita mara moja, ndani ya treni, akiwa amelala.

"Mawe si yamejaa pale mlimani?" Yoramu akauliza.

"Hata watu wamejaa, mzee wangu, lakini si kila mtu unamkaribisha kwako. Kuna jiwe la jua na jiwe la kivuli. La jua ukilikalia alasiri linakuchemsha makalio. La kivuli linapoa mapema. Kuyatofautisha kunataka sikio." Akagonganisha mawe mawili, akafumba macho kama mtu aliye kwenye dua. "Bei yangu ng'ombe wanne, nichague mwenyewe."

Yoramu, aliyewahi kuwa nyapara wa reli, alikuna kidevu. "Haya. Ng'ombe utachagua wewe, sitakuingilia. Lakini mawe nitachagua mimi."

Vibarua hawakupatikana. Kila mwenye nguvu alikuwa amechukuliwa kujenga reli ya kwenda Tabora. Ikabidi fundi apande mlima mwenyewe, ashuke akiburuta mawe juu ya ngozi ya ng'ombe. Yoramu akawa anayagonga moja moja na kusikiliza.

"Hili linakohoa. Rudisha."

"Mzee, hili ni zuri."

"Hili ni la kivuli, ila kivuli cha asubuhi. Mimi nakaa jioni."

Halfani angebishaje? Elimu yenyewe aliileta yeye. Siku ishirini na mbili alipanda na kushuka, akachimba, akasawazisha, akapanga, hata viganja vikachubuka na kanzu ikawa tambara. Moyoni alicheka. Alijiona anamuuzia mtu mlima usio na mwenyewe.

Siku ya malipo alichagua wanne walionona kuliko wote. Yoramu akafungua zizi, na Halfani akashika njia ya Kondoa akipiga mluzi.

Hakufika mbali. Bibi mmoja, Tabu, alikuwa akichota maji kisimani. Akamwita ng'ombe mweusi kwa jina, na ng'ombe akageuka akamfuata.

"Mjukuu wangu, unampeleka wapi ng'ombe wangu?" akauliza kwa upole. "Nilimweka kwa Yoramu anitunzie. Yeye anakunywa maziwa, ng'ombe ni wangu."

Ugogoni hilo ni jambo la kawaida. Mwenye akili halazi mifugo yake yote zizi moja, usije ugonjwa wa sotoka ukaimaliza. Huigawa kwa majirani. Kabla ya adhuhuri wenye wale watatu waliobaki nao walikuwa wamefika, na adabu zao na mikuki yao.

Halfani akarudi peke yake. Yoramu alikuwa amekaa juu ya mawe, pekupeku, anakunywa kahawa.

"Mzee, umenilipa mali za watu."

"Ulitaka kuchagua mwenyewe. Hukuuliza ni za nani."

"Nilikuwa naoa kwa ng'ombe wale." Aliona aibu, na kitu hicho kilikuwa kigeni kwake.

"Ungeniambia hivyo siku ya kwanza, ningekupa ndama wangu mwenyewe na kukutafutia wengine. Wewe ukanisimulia habari za jiwe la kivuli."

"Kama ulijua naongopa, kwa nini hukunifukuza siku ile ile?"

Yoramu aliitazama sakafu, imenyooka kutoka mlangoni hadi ukutani, akasogeza kikombe.

"Ningekufukuza, nani angenibebea mawe?"