Natafuta Mtu wa Kunisemea

Jumatatu, 3 Machi 2025
Mwaka wa hamsini na moja tangu vita vitukimbize kwetu Famagusta, Kupro. London, mvua. Muda wote huu Waingereza wamenisamehe: siwatazami machoni, nakariri ratiba za treni, natoroka harusini kwa ajili ya kelele. Ni mgeni huyo, walisema. Nami nikaamini. Leo mkahawani Pantelis, niliyesoma naye darasa moja kule Kupro, kanicheka mbele ya watu. Mgeni wapi! Eti hata kwetu nilikuwa hivi hivi, kengele ya kanisa ikilia najificha chini ya meza. Shetani yule! Binti yangu Despo anasema huenda ni usonji, hali ya ubongo ambayo mtu huzaliwa nayo, na hata watu wazima hupimwa. Nina miaka sabini na minne. Nataka kujua kabla sijafa: ni ukimbizi, au ni mimi?

Jumanne, 4 Machi
Kupimwa kunataka rufaa ya daktari. Despo asema niiombe tu. Niiombe tu! Kazaliwa London huyu. Kwetu hupati hata kibali cha kisima bila mtu wa kukusemea. Nimeuliza huku na huku. Mtu nimempata: kinyozi wa Pantelis ni shemeji yake Glenda, mama wa mapokezi zahanati. Pantelis atazungumza na kinyozi, ila kwanza nitangaze mkahawani kwamba yeye ni bingwa wa tavli, mchezo wetu wa dadu, na mimi mkia. Nimetangaza. Uchungu!

Alhamisi, 6 Machi
Nimempelekea Glenda sinia la baklava, vitamu vyetu vya asali na njugu. Akasema asante mpenzi (kila mtu kwake ni mpenzi), akaliweka meza ya wafanyakazi wote. Nikamnong'oneza salamu za shemeji. Akasema na yule mjinga hawajasemezana tangu Krismasi. Hata hivyo nina miadi kesho, saa nne. Ushawishi wangu! Despo anadai aliiomba yeye mtandaoni, tangu Jumatatu. Wivu.

Ijumaa, 7 Machi
Kwa Dakta Sandhu, pamoja na Despo. Nilibeba barua ya padri ya kunisifu. Hakuifungua. Aliniuliza habari za utoto, akasikiliza bila kutazama saa. Rufaa nitapata, akasema, ila kliniki ya hapa foleni yake ni miaka mitatu. Miaka mitatu! Nikaanza kuwaza Pantelis anamjua nani huko. Despo akaniwahi: mgonjwa ana haki ya kuchagua pengine panapolipiwa na serikali, na baba yangu anachagua. Nikamkanyaga mguu, asimuudhi daktari. Daktari akasema ni kweli, haki yake kabisa, akatugeuzia kompyuta tuchague. Foleni ya miezi saba tu, mji wa Nottingham. Bila kujuana na mtu! Nililia. Glenda akaniletea chai ya maziwa, akaniambia pole, mpenzi. Siipendi chai ya maziwa. Nikaimaliza. Mungu awape maisha marefu wote, hata Pantelis.

Jumatatu, 10 Machi
Ujumbe: rufaa yangu imepokelewa. Nimeusoma mara sita. Kisha nikampigia Pantelis. Ana binamu Nottingham, anauza samaki na chipsi. Haiwezekani wapimaji wa usonji wasile samaki. Atanisemea. Kwa sharti jipya, la aibu zaidi, ambalo siliandiki hapa. Despo asijue.

Miaka yote nilijiambia kwamba siku nikikanyaga tena Famagusta nitakuwa kama watu wengine. Leo sijiambii hivyo, maana hata kule nilikuwa hivi hivi, wala sina kinyongo. Sitarudi.