Siku Koti Liliposhushwa Kitini

Sogeeni, enyi mliozoea habari za majemadari waliovuka mito na wafalme waliobomoa ngome; sogeeni nanyi mliochoka kuzisikia, maana ninayo kubwa kuliko hizo zote. Wekeni pasi zenu wima zipumue. Anayetaka kukohoa na akohoe sasa. Nitawasimulia jinsi mwanamke mmoja, asiye na upanga wala ngao, ila mtoto mwenye njaa na matiti yaliyojaa mpaka yakawa mawe, alivyoliendea koti la mwanamume mkubwa, akalishusha kwenye kiti, akakaa.

Naam, akakaa. Anayecheka hajapata kusimama.

Palikuwa na nyumba kubwa ya udobi, iliyofua mashuka ya mahoteli na mashati ya waungwana wasiojua shati hunyookaje. Ndani yake mlikuwa na chumba cha pasi: meza ndefu, mvuke unaopanda darini ukarudi chini matone matone kwenye visogo vyetu, na dirisha la kioo ambalo Tajiri, mwenye mali, alichungulia kila alipopita kwenda ofisini kwake kuhakikisha kwamba hatupumziki. Na mlikuwa na kiti kimoja.

Kiti hicho kina historia, na wanaotaka niisahau watasubiri sana. Mwaka ule wa joto, mwenzetu mmoja alipoanguka kifudifudi juu ya rundo la foronya, tuliomba viti sita. Tukaambiwa ombi limepokelewa kwa moyo mkunjufu. Kikaja kimoja. Na hicho kimoja, kabla hata vumbi la dukani halijafutwa, kikakaliwa na koti.

Lilikuwa koti la Msimamizi, bwana aliyepewa jina hilo ingawa hatukuwahi kumwona amesimama popote. Kila asubuhi aliingia, akalitundika kwenye mgongo wa kiti, akayanyoosha mabega yake kwa upendo ambao mke wake angeuonea wivu, kisha akavuka barabara kwenda kucheza drafti. Tajiri akichungulia aliona mabega ya kijivu yamejaa kitini, akaenda zake ameridhika. Hivyo koti likawa mfanyakazi hodari kuliko sisi sote: halikuchelewa, halikuugua, halikuuliza swali. Babu Mvuke, mpiga pasi mkongwe ambaye macho yake yaliishia humohumo katika mvuke, alilisalimia kila siku. "Habari za asubuhi, bosi," husema, kisha hunigeukia na kuninong'oneza, "Huyu bwana siku hizi amekuwa mtulivu sana."

Sasa mtazameni shujaa wetu, Bi Kola, mnyoosha kola zisizonyooka, mtiisha mikunjo, jabali la meza ya tatu! Alishika mimba yake ya kwanza, na mimba ikamshika yeye. Harufu ya wanga, aliyoivuta miaka yote bila neno, ikageuka adui. Akawa anakimbilia chooni shati likiwa bado mezani. Kisha miguu ikavimba mpaka akaja kazini na kandambili za mumewe. Tumbo lilipofika mbele yake kila mahali, alimvizia Msimamizi mlangoni.

"Bosi, nakuomba nikae kidogo. Mgongo unakatika."

Msimamizi akakunja mikono, akahutubia kana kwamba taifa zima limekusanyika. "Bi Kola! Mimba si ugonjwa! Mama yangu alinizaa shambani asubuhi, na mchana akaendelea kulima!"

Tuliosikia tukamtazama kuanzia kisogo hadi viatu, tukaelewa kwamba kazi ya haraka huonekana tu.

Basi mja mzito akasimama, na koti likakaa. Akasimama mpaka wiki ya kuzaa. Siku nyingine aliegemea meza kwa kiwiko, akinyoosha shati la mtu kwa mkono mmoja na kumtuliza mtoto tumboni kwa mkono wa pili, na koti likimwangalia bila huruma, kama makoti yafanyavyo.

Akajifungua Sultani Asiye na Meno, mtoto wa kiume mwenye sauti ya king'ora. Hapo ndipo vita vyenyewe vilipoanza, maana mzazi wa mara ya kwanza hana siri wala mamlaka. Kila mwenye mdomo ni daktari wake. Mama mkwe akasema maziwa ni mepesi. Jirani akasema ni mazito, ndiyo maana mtoto anakabwa. Maziwa ni yaleyale. Chuchu zikachanika; kila Sultani alipofungua kinywa, Bi Kola alibana meno na kuhesabu mbao za dari. Nesi wa zahanati peke yake ndiye aliyesema neno lenye msaada: "Kaa, egemea, legeza mabega. Mlete mtoto kwenye titi, usilipeleke titi kwa mtoto." Akakaa, akaegemea, na Sultani akashika vizuri, akanyonya mpaka jasho likamtoka puani. Amani ikatangazwa nyumbani.

Kisha likizo ikaisha, kwa kuwa nayo ilikuwa nyepesi kama maziwa ya mama mkwe.

Kila siku saa sita mchana wifi yake alimleta mtoto mgongoni. Na Bi Kola, mama wa Sultani, akamnyonyesha wapi? Kwenye korido ya ndoo za deki, mguu mmoja juu ya ndoo, mgongo umepinda kama kiwiko cha bomba. Sultani alishika, akateleza, akashika, akameza hewa, akapiga king'ora. Alirudishwa nyumbani na njaa yake, na mama akarudi mezani na kifua kinachovuja, ameziba kwa leso mbili. Siku zikapita hivyo, na maziwa, yasiponyonywa, yakaanza kupungua.

Siku ninayoisimulia, wifi alifika na ujumbe, na uso wake haukuwa wa utani.

"Wifi, mama amesema leo ndiyo mwisho. Mtoto akirudi analia tena, kesho tunaanza maziwa ya kopo."

"Mama amesema?"

"Amesema. Na kopo keshaliona dukani, anajua mpaka rangi yake."

Bi Kola akaitazama ndoo. Akamtazama mtoto, ambaye alikuwa amekwisha kuukunja uso kwa ajili ya king'ora. Kisha akageuka, akaingia chumba cha pasi na mtoto begani, moja kwa moja kuelekea kiti.

Enyi mnaojua hofu, semeni mmewahi kuona ujasiri wa namna hii! Mkono wake wa kulia ukalikamata koti ukosini, ukaliinua. Kutoka kitini hadi kwenye msumari wa ukutani ni hatua mbili, lakini hatua zile zilikuwa na miaka ndani yake. Mwenzetu wa meza ya kwanza alisahau pasi juu ya foronya, ikatoboka. Foronya hiyo ndiyo shahidi pekee aliyeanguka katika vita vile, Mungu ailaze pema.

Koti likaning'inia msumarini, mabega yameshuka. Bi Kola akakaa, akaegemea, akalegeza mabega, akamleta mtoto kwenye titi. Sultani akafungua kinywa. Akashika. Tukasikia akimeza, gudu, gudu, gudu, na mtu mzima mmoja nyuma ya rundo la mashuka akajifuta macho akisingizia mvuke.

Ndipo Tajiri alipopita dirishani. Alichungulia kama desturi, akaona kitini mabega ambayo si ya kijivu, akaingia.

"Msimamizi yuko wapi?"

Babu Mvuke, kwa heshima zake zote, akanyoosha kidole.

"Amehamia msumarini, bosi. Tangu saa sita."

Tajiri akautazama msumari. Akalitazama koti kwa muda mrefu, kama mtu anayepiga hesabu ya miaka. Wakati huohuo Msimamizi akaingia mbio, kwa kuwa habari mbaya huvuka barabara bila kuangalia magari, na kete ya drafti bado i mkononi mwake.

"Nipo, bosi! Nilikuwa hapahapa!"

"Hapa wapi?"

Msimamizi akakitazama kiti, akaona hawezi kukitaja bila kujitaja. Basi, kama mashujaa wote wa aina yake, akamgeukia aliye chini yake.

"Wewe! Inuka! Hapa ni kazini au zahanati?"

Bi Kola hakuinua sauti, asije akamshtua Sultani. "Bosi, nilipokuomba kiti ukaniambia mimba si ugonjwa, nami nikasimama. Koti lako nalo si mgonjwa. Liache nalo lisimame kidogo. Na mzungumze polepole, tafadhali. Bado la kushoto."

Akamhamishia mtoto upande wa pili.

Tajiri hakusema "pole", msije mkadhani ni hadithi ya malaika. Alisema, "Vaa koti lako," na Msimamizi akalishusha, akalivaa. Ndiyo mara ya kwanza tuliyowaona wawili hao pamoja saa za kazi. Kisha wakasimama mbele ya kiti, tajiri na msimamizi, mmoja akimsubiri mwenzake aanze kukemea, wote wakishushiwa matone ya darini visogoni, mpaka Sultani aliposhiba, akalala, akawekwa begani, akacheua mcheuo mmoja mnene uliofunga kikao.

"Wifi," akasema Bi Kola, akimkabidhi mtoto, "mwambie mama kopo libaki dukani."

Tangu siku ile, saa sita ikigonga, kiti ni cha Bi Kola, na koti huvaliwa na mwenyewe, humu ndani, katika joto letu. Hivyo ndivyo ngome ilivyoanguka. Waandishi wa tarehe za mataifa hawatauandika ushindi huu, kwa hiyo nimeuandika mimi, pamoja na jambo hili la mwisho, ili asiyekuwepo asije akadanganywa: tuliomba viti sita. Tumekipata kimoja. Vimebaki vitano.