Injini Niliyoitengeneza kwa Mikono Yangu

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Injini imekamilika! Siku tisa za kazi, mikono yangu mwenyewe, bila fundi wala nusu fundi. Gasketi mpya. Valvu zimesuguliwa. Plagi zinang'aa kama vijiko vya wageni. Kabla sijaligusa, lori la marehemu baba lilikuwa linawaka kwa kukohoa na kutoa moshi mweusi, mpaka jirani anaanua nguo zake. Sasa halitoi moshi hata kidogo. Haliwaki.

Nitaandika ukweli humu, maana hakuna anayesoma. Nimepiga stata mara ishirini. Injini inazunguka, inazunguka, kisha inapiga chafya kupitia kabureta, pwaa! Halafu kimya. Mama alipouliza kutoka jikoni, nilimwambia nilikuwa najaribu honi.

Jambo lenyewe ni hili. Dada yangu mkubwa anautaka uwanja wa nyumbani ajenge banda la kuku. Ameshaongea na mnunuzi wa vyuma chakavu aje na mtungi wake wa gesi Jumamosi, saa nne asubuhi, alikate lori vipande. Kwenye kikao cha familia nilipiga meza. Nikasema lori la baba halikatwi mimi nikiwa hai. Dada akasema sawa, likitoka getini siku hiyo kwa nguvu zake lenyewe, basi kuku atawafugia kwake. Nikakubali mbele ya Mama, kwa sauti, nikiwa nimesimama. Si lilikuwa linawaka wakati ule? Kosa langu ni kutaka liwake vizuri zaidi.

Zimebaki siku tano. Mimi ni karani wa masjala, niko likizo. Nimewahi kupata faili lililopotea miaka sita. Injini ndiyo initoe jasho?

Jumanne, tarehe 4 Juni

Ukaguzi. Nina kitabu cha ufundi nilichonunua kwa muuza vitabu vya mitumba. Hakina jalada, lakini michoro yake imekaa vizuri. Kinasema injini ya petroli inahitaji vitu vitatu: mafuta, hewa na cheche. Mafuta yapo. Nimeyavuta kwa mpira, nimeyameza kidogo, yapo. Hewa ipo. Cheche ipo pia, nimeishika kwa vidole. Baada ya hapo nilikaa chini dakika kadhaa.

Kwa hiyo kila kitu kipo na bado haliwaki. Hii ni dharau.

Nikapumzika ndani ya kebini. Kiti cha dereva bado kina shimo la umbo la baba. Ukikaa, unazama upande wa kushoto kama alivyokuwa anazama yeye. Harufu ni ileile: petroli, magunia, na kile kipande cha sabuni alichokiweka mbele ya usukani ili asishike chakula kwa mikono michafu. Tulipokuwa wadogo, tuliujua mlio wa lori hili tangu linapokata kona ya mwisho. Dada alikuwa anaacha chochote anachofanya, anavua viatu, anakimbia kufungua geti. Hakuruhusu mtu mwingine alifungue. Mimi nilibaki nyuma nikilia kwamba leo ilikuwa zamu yangu.

Miaka minne sasa hakuna anayekata kona ile. Nimemkumbuka baba leo kuliko siku ya mazishi. Nililia kidogo. Mama akichungulia nitasema ni petroli.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Shemeji, mume wa Dada, amekuja bila taarifa. Suruali nyeupe! Futi ya kupimia mkononi! Anapima banda la kuku, na lori lingali limesimama palepale! Alikuwa anaita vipimo kwa sauti kana kwamba mimi ni karani wake.

Nilikuwa na mpango. Nikamweleza kwa utulivu kwamba injini iliyofunguliwa haiwashwi hovyo, gasketi mpya lazima ilale siku tatu. Akauliza ilale kwa nini, ilikuwa inafanya kazi ya ulinzi? Akacheka mwenyewe. Kisha akainamia injini, pua karibu na kabureta, akasema hata yeye ambaye si fundi anaona kwamba humu hamna uhai.

Hapo nikakasirika. Nikapanda kebini, nikapiga stata.

Pwaa!

Suruali si nyeupe tena. Nyusi ya kulia imebaki, ya kushoto imebaki nusu. Aliondoka akitembea mikono ikiwa mbali na mwili. Saa moja baadaye Dada akapiga simu. Alisema mengi. Alimalizia kwa kusema sasa anajua wazi haliwaki, na kwamba amemwambia yule bwana wa vyuma aje na mitungi miwili.

Mama alinipa chakula. Ila alinipa sahani ya bati, ile ya nilipokuwa mtoto.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Nimekwenda gereji kwa Fundi. Nimeapa mara nyingi kwamba sitakwenda, lakini shajara haina shahidi.

Fundi alikuwa utingo wa baba kwa miaka kumi na moja. Sasa ana gereji yake na ndevu nyeupe. Baba alimfundisha yeye kila kitu cha lori lile. Mimi nikishika spana, baba ananinyang'anya, ananiambia nirudi kwenye daftari langu, kazi ya grisi haikunihusu. Niliumia. Bado naumia, na nina miaka arobaini na sita.

Kwa hiyo sikwenda kuomba msaada. Nilikwenda kwa hila. Nikamwambia nina rafiki wa ofisini ana lori bovu. La kijani, nikasisitiza. Letu ni la buluu. Fundi akauliza kama lori la huyo rafiki linapiga chafya kupitia kabureta. Nikasema nadhani aliwahi kutaja. Akauliza kama huyo rafiki amegusa namba zilizoandikwa kwenye injini pembeni ya plagi. Nikasema huenda alizifuta kwa tina, ile ya kuyeyushia rangi, akaandika nzuri zaidi.

Fundi alivua kofia. Akaiangalia muda mrefu. Kisha akasema rafiki huyo atafute mtu aliyekuwa akipanda lori hilo pamoja na dereva wake wa zamani. Akanishika mkono, akasema nimsalimie sana mama yake huyo rafiki.

Nimeondoka nikiwa na hakika kwamba hajashtukia chochote.

Sasa kuhusu namba. Injini ina silinda sita, zimepangwa mstari mmoja kutoka rejeta hadi kwenye kebini. Kila moja ina plagi yake, na kila plagi ina waya unaotoka kwenye kifuniko cha distributa, kile kifaa kinachogawa cheche. Baba aliandika namba kwa rangi nyekundu, kwenye injini na kwenye kifuniko pia. Lakini kwenye injini alianza kuhesabia upande wa kebini! Kitabu kinasema wazi kwamba moja ni ile ya mbele, kwenye rejeta. Kosa la wazi kabisa. Niliona aibu kwa niaba yake. Nikazifuta zile za injini, nikaandika nyeupe, safi, mwandiko wa masjala. Za kifuniko niliziacha, hazikuwa na ubaya. Fundi anataka kuniambia namba nzuri zinazuia lori kuwaka? Wivu tu.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Asubuhi. Mpango mkubwa! Dada alisema lori litoke getini kwa nguvu zake lenyewe. Hakusema nguvu za nini. Uwanja una mteremko. Nikiondoa jiwe kwenye tairi na kuachia breki ya mkono, lori linateremka lenyewe mpaka nje. Mlio wa injini nimeurekodi kwenye simu kutoka kwa lori la mchanga lililokuwa linapita. Nani atajua?

Mchana. Uwanja una mteremko, kweli, ila ni wa upande wa pili. Lori limerudi nyuma hatua nne na kulala juu ya kamba ya nguo za Mama. Shuka mbili na kanga moja ziko chini ya tairi. Simu mfukoni ikaendelea kunguruma.

Mama alitoka. Nilijiandaa kutukanwa. Badala yake alisogea kwenye injini iliyokuwa wazi, akavaa miwani, akauliza nani ameandika namba nyeupe. Nikamweleza habari za kitabu. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya bampa, akajifuta macho kwa upande wa kanga.

Akasema baba alihesabu kila kitu kuanzia pale alipokaa. Hakuwa mtu wa vitabu. Nyumba za mtaa alizihesabu kuanzia yetu. Silinda alizihesabu kuanzia ile iliyokuwa karibu na magoti yake. Hata watoto. Tukipanda watoto wote wanne, pamoja na wale wawili walioko mbali sasa, anayekaa jirani na gia ndiye wa kwanza, na Dada, mkubwa wetu, kwa kuwa alipenda dirishani, alikuwa wa nne.

Mimi ndiye niliyekuwa nakaa jirani na gia. Maisha yangu yote nimeamini baba aliniita Namba Moja kwa sababu ya akili.

Nikatazama injini. Halafu nikaelewa. Kifuniko kinahesabu kama baba, injini inahesabu kama mimi. Nimechukua waya wa moja ya baba nikaupeleka kwenye moja yangu, upande wa pili kabisa wa injini, na nyaya nyingine vivyo hivyo. Kila cheche inafika kwenye silinda isiyoitarajia. Ndiyo maana inapiga chafya!

Nimezihamisha nyaya zote sita, nikianza kuhesabia kwenye kiti chake. Nikageuza ufunguo. Tik. Betri imekufa. Nimeimaliza mwenyewe kwa stata za wiki nzima.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Saa tatu na nusu Fundi ameingia na betri begani. Mama ndiye aliyempigia. Akauliza rafiki yangu anaendeleaje. Nikasema anaendelea vizuri. Akafunga betri.

Saa nne kamili mnunuzi wa vyuma akafika, mitungi miwili. Dada nyuma yake. Shemeji kwa mbali, suruali nyeusi. Yule bwana akaanza kuchora alama za chaki kwenye bodi, hapa akate, hapa akate. Nikapanda, nikazama kwenye shimo la baba, nikapiga stata. Hapana. Nikapiga tena. Hapana. Shemeji akakohoa. Nikapiga ya tatu, na likawaka.

Ule mlio! Si wa simu, wenyewe! Vioo vya madirisha vinatetemeka, jirani anaanua nguo, Mama amesimama mlangoni mkono mdomoni. Nikaona mtu anakimbia mbele yangu. Ni Dada. Miaka hamsini na tatu, mkurugenzi wa kikundi cha akina mama, viatu mkononi, anakimbia kufungua geti. Alifungua pande zote mbili, akasimama pembeni kwa heshima, na ndipo akakumbuka yuko upande gani. Alilia pale pale. Mimi pia. Nikalitoa lori mpaka barabarani, likiwa na alama za chaki za kukatia pande zote.

Dada amesema kuku wananuka hata hivyo.

Fundi aliniambia jambo moja tu wakati wa kuondoka. Nisiguse kitu. Nikasema bila shaka. Mama ameomba kesho nimpeleke hadi darajani, pale baba alipokuwa anasimama kupoza injini na wao wawili wanashuka kutazama maji. Hajafika huko miaka minne. Tunaondoka saa mbili asubuhi.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Saa moja na nusu nimeliwasha ili lipate joto. Nikasikia kitu. Kamlio kadogo, tiki tiki tiki. Fundi alishasema jana, mara tu lilipowaka, kwamba kamlio hako kako tangu lori lilipokuwa jipya, na hakana madhara. Lakini kitabu kina sura nzima kuhusu milio. Nikalegeza kabureta kidogo tu. Ndani nimekuta baba amefunga skrubu moja kwa uzi wa kushonea. Uzi! Nimeutoa.

Sasa ni saa nane mchana. Kabureta ni vipande thelathini na kimoja juu ya gunia. Mama yuko kebini tangu asubuhi, amevaa gauni lake jipya, mkoba magotini, dirisha wazi. Nimemwambia dakika kumi tu. Amesema nisijali, amezoea. Baba naye alikuwa anafungua kitu kilichokuwa kizima kila siku ya safari, na yeye anasubiri kwenye kiti hicho hicho, akiambiwa dakika kumi hizo hizo. Akasema nimefanana naye mpaka inatisha.

Nimefurahi sana. Nafungua na giaboksi.