Sista Kathini Amenidunga Kuliko Mbwa Alivyoniuma

Kitengela,
Machi 2003.

Kwa Daktari Msimamizi wa Zahanati,

Natumaini u mzima wa afya. Mimi pia ni mzima, na hiyo ndiyo sababu ya barua hii.

Kama unavyojua, niliumwa na mbwa mkono wa kulia nilipoupitisha kwenye geti la jirani yangu, Bwana Meitamei, nikitafuta komeo. Nilikuja kwenu, nikahudumiwa, nikashukuru. Nilidhani tumemalizana. Kumbe ndiyo kwanza tumeanza! Malalamiko yangu ni haya:

1. Muuguzi wako, Sista Kathini, aliniosha kidonda kwa sabuni na maji ya mfereji kana kwamba anasugua sufuria iliyoungua ugali. Nilivumilia. Kisha akanidunga, akaniambia nirudi. Nikarudi, akanidunga tena, akaniambia nirudi. Daktari, mbwa aliniuma mara moja tu akaridhika. Kati ya hawa wawili, nani anastahili kufungwa mnyororo?

2. Anataka kufungua bendeji aone kidonda. Bendeji hiyo nimeshaizoea. Mkono umepona kabisa, na harufu yake si mbaya ukikaa upande unaotoka upepo.

3. Mbwa mwenyewe hafuatwi na mtu. Bwana Meitamei aliniambia kwenye seng'enge, "Mwalimu, huyu mbwa hana neno, hata jana alikula vizuri." Nami nilikubaliana naye, maana nilichangia chakula hicho. Basi, ikiwa chanjo ni nzuri hivyo, naomba sindano zangu zilizobaki apewe mbwa. Sina kinyongo.

4. Hili ndilo lililonichoma zaidi. Jumapili nilikuwa naongoza kwaya kwa mkono wa kushoto, na sauti ya pili ikaingia mahali pa sauti ya kwanza. Wakati wa matangazo Sista Kathini akasimama akasema, "Kuna ndugu hapa aliumwa na mbwa na hajamaliza sindano. Kichaa cha mbwa kikishaanza hakina dawa. Sitamtaja jina, lakini amevaa tai nyekundu." Daktari, kanisa zima tai ilikuwa moja.

Tangu siku hiyo benchi langu nakaa peke yangu. Shuleni nikiinua kikombe cha maji, darasa zima linanyoosha shingo kuona kama nitayaogopa, maana wamesikia mwenye kichaa cha mbwa huogopa maji. Nilipofoka kwa sababu ya insha mbovu, wanafunzi wa mbele walihamia nyuma, na mmoja akatoka nje kupitia dirishani.

5. Kwa hivyo naomba Sista Kathini ahamishwe. Magadi panafaa, ila kukiwa na mahali mbali zaidi sitakataa. Pia naomba cheti chenye mhuri kinachosema sina kichaa, nikibandike mlango wa darasa. Nisipopata haki nitamwandikia Mkuu wa Wilaya kule Kajiado, kisha Askofu, na wote wakinyamaza nitamwomba Bwana Meitamei amfunge mbwa wake kwenye geti lenu, ili nanyi muonje huduma ya kurudiwa-rudiwa.

Wasalimie wahudumu wote, mama wa kadi na mzee wa geti. Msalimie hata Sista Kathini, lakini kwa mbali.

Ni mimi, mwenye afya tele,
Mwl. Nashon Wanjala
(dole gumba la kushoto)

Tanbihi: Daktari, huyu sasa ni mke wake, Immaculate. Barua yote nimeandika mimi, yeye alikuwa anasema tu, kwa maana vidole vimevimba, hata kijiko hashiki. Sasa ameenda kutafuta ile tai. Niko na wasiwasi sana. Huyu mtu haogopi mbwa, haogopi mkuu wa shule, anaogopa sindano. Sista Kathini asiende popote, ni mimi nilimwomba atangaze kanisani. Anayekuletea bahasha hii ni mume wangu mwenyewe, nimemwambia asitoke hapo bila jibu. Ukifika hapa kusoma, mwambie Sista afunge mlango polepole. Mimi niko nje, nimeshika geti lenu asije akaikimbia sindano.