Kwaya ya Noonkopir na Maswali ya Daktari

Jumatatu, 1 Machi 2004
Kazi imeanza. Daktari Wakhungu, wa magonjwa ya akili, ametafsiri kutoka Kiingereza maswali ya kupima matatizo ya tabia, na anataka kujua kama yanategemeka kwa Kiswahili. Tunamuuliza mtu sasa, tunamuuliza tena wiki mbili baadaye. Majibu yakifanana, maswali yamefaulu. Mimi nimepewa Kitengela, mwenzangu Habon amepewa Kajiado mjini. Atakayefanya kazi safi atakuwa msimamizi kule Magadi, na pikipiki juu yake. Nimeshampigia mama simu kumwambia kazi ya usimamizi nimeipata.

Tumejazishwa maswali hayo sisi wenyewe kwanza. Je, mambo yako yakiharibika, kwa kawaida ni makosa ya watu wengine? Ndiyo. Kanuni ikikuchelewesha, unaivunja? Ndiyo. Rahisi sana.

Jumanne, 2 Machi
Daktari anataka twende mlango kwa mlango, bila kuchagua watu. Kazi ya punda! Nikajiuliza: nani hapa Noonkopir, mtaa wangu wa Kitengela, habadiliki? Kwaya ya Pasta Nzioka. Wimbo uleule, sauti ileile, tangu nihamie hapa. Nimewauliza wote kanisani baada ya mazoezi. Nthenya, anayeongoza soprano, hakuficha kitu. Hugombana? Ndiyo. Huweka kinyongo? Ndiyo, na akataja majina, wakiwemo wawili waliokaa nyuma yake. Safi kabisa.

Pasta ameomba nakala asome. Haturuhusiwi. Nimempa, kanisa ni lake.

Jumapili, 7 Machi
Pasta amehubiri kwa maswali ya Daktari! Moja baada ya jingine, kutoka mimbarini. Kufika lile la kinyongo, Nthenya akainuka akilia, akaenda mbele, na kwaya nzima ikamfuata. Wameokoka upya wote. Nthenya amewakumbatia wale wawili. Hata mimi nilitoa machozi. Ibada nzuri sana. Sikuona tatizo lolote.

Jumanne, 16 Machi
Sasa tatizo naliona. Wiki mbili zimetimia, nimewauliza tena. Nthenya hagombani, hana kinyongo, hasira haijui. Kwaya nzima ni hivyo hivyo. Nikamwomba ajibu kama alivyokuwa kabla ya ile Jumapili. Akanitazama kwa huruma.

"Mbuvi, yule mtu alikufa. Unataka nimfufue akujazie karatasi?"

Nikang'ang'ana. Nilipowafikia waimbaji wa besi, habari ilikuwa imenitangulia kwamba nawarudisha nyuma waliookoka. Pasta ameniwekea mikono kichwani na kukemea roho fulani. Na yeye ndiye aliyeharibu kila kitu!

Alhamisi, 18 Machi
Habon ameleta karatasi zake. Wafanyabiashara wa ng'ombe, wenye maduka, akina mama, mlango kwa mlango kama alivyoambiwa. Wengine walibadilisha majibu kidogo, naye akaandika vivyo hivyo. Nilimhurumia. Daktari akampa ufunguo wa pikipiki. Na helmeti! Nimeumia, sifichi. Ni upendeleo mtupu.

Tukajazishwa sisi wenyewe tena. Nikajaza kwa hasira, lakini kwa ukweli.

Ijumaa, 19 Machi
Daktari ameniita. Kwaya yangu yote haifai, itabidi mtu mwingine aanze Kitengela upya. Ila katika bunda langu kuna mtu mmoja ambaye majibu yake hayakubadilika hata chembe. Nikauliza ni nani. Ni mimi! Hata baada ya yote yaliyotokea, akasema, bado mambo yakiharibika ni makosa ya wengine, na bado kanuni inayonichelewesha naivunja. Anataka tuonane Jumatatu, sisi wawili tu, na tena Jumatatu zinazofuata, anieleze mambo na aniulize habari za utoto wangu. Habon, aliyekuwa amekaa kando, aliinamisha kichwa. Wivu.

Nimempigia mama. Nimemwambia Magadi niliiacha, kuna cheo kikubwa zaidi, na nimeitwa kwa mahojiano kwa sababu nimewashinda wote Kitengela.

Shati nimempelekea Nthenya anipigie pasi. Amekubali bila ugomvi, akitabasamu. Sielewi mtu anawezaje kubadilika ovyo namna hiyo.