Kibuyu cha Rodah na Kirusi cha Ng'ombe

Jumatatu, tarehe 9 Juni
Alhamisi kamati ya chuo itachagua mchoro mmoja tu wa dawa ili utengenezwe: wangu au wa Daktari Bochaberi. Mwenye mchoro ataongoza mradi. Mimi nastaafu Desemba. Nikishindwa, nitakumbukwa kama mzee aliyefunga madirisha ya maabara.

Dawa yenyewe ni molekuli yenye ncha mbili na kamba katikati. Ncha moja hushika protini ya kirusi kinachowadhuru ng'ombe. Ya pili hushika mashine ya kusaga taka ndani ya seli. Protini huvutwa, husagwa, kwisha! Limebaki swali moja: kamba ifungwe wapi?

Jumanne, tarehe 10 Juni
Bochaberi amejitolea kunionyesha picha za protini hiyo ikiwa imeshika molekuli ndogo, ile itakayokuwa ncha ya kwanza ya dawa. Ameniita baba, kwa upole. Upole wa kutisha! Nikikubali, atasema alinisaidia. Nimekataa.

Baadaye nikaingia ofisini mwake kuazima stepla, ingawa ninazo mbili, nikachungulia kompyuta yake. Nimeona! Upande mmoja wa molekuli umezama kabisa katika shimo la protini. Mwingine umetokeza nje tu. Nikatoka bila stepla.

Kamba nitaifunga upande uliozama. Hapo ndipo penye mshiko. Nani hufunga ng'ombe kwenye kigingi kisichozama?

Jumatano, tarehe 11 Juni
Katika kamati kuna mchungaji na wakulima wa chai. Ni lazima waone kwa macho. Protini: kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, ambacho Rodah, mke wangu, aliachiwa na mama yake. Molekuli: sosiot, ule ufito wenye nyuzi ncha moja tunaooshea kibuyu.

Rodah amesema nikikigusa kibuyu hicho nitahamia kwa ng'ombe. Sikukigusa. Nimekibeba kwa taulo.

Kamba nimeifunga kwenye nyuzi za sosiot. Fundo zuri sana!

Alhamisi, tarehe 12 Juni
Maafa. Fundo lilikataa kuingia mdomoni mwa kibuyu. Nikasukuma. Mchungaji aliinamisha kichwa. Sijui aliomba au alicheka. Nikasukuma tena. Kibuyu kikapasuka!

Bochaberi, ambaye ni Mkisii, akaniuliza kwa heshima zote iwapo sisi Wakipsigis siku hizi tunaosha vibuyu tukiwa tumeshika nyuzi. Mkulima mmoja alicheka hadi akamwaga chai. Bochaberi akaendelea kusema kwamba ndivyo picha zake zinavyoonyesha: upande uliozama uachwe ushike protini, kamba ifungwe kwenye upande uliotokeza nje. Ikifungwa ndani, molekuli haiingii kamwe.

Wamechagua mchoro wake. Ameomba niwe mshauri wake hadi nistaafu. Huruma, au mtego?

Ijumaa, tarehe 13 Juni
Naandika nikiwa bandani. Rodah si mtu wa maneno matupu. Ng'ombe ananitazama kana kwamba naye yumo katika kamati.

Nimetafakari kwa makini na kosa nimelipata: mdomo wa kibuyu ulikuwa mwembamba. Nimempigia simu mchuuzi wa Chepseon aniletee chenye mdomo mpana. Mkuu wa chuo nitamwandikia Jumatatu, kama mshauri, kwamba kirusi hiki hakitufai. Tutafute kingine chenye shimo kubwa zaidi.

Kamba ibaki palepale.